Tuandike injini yetu ya kukokotoa hatari ya tetemeko, au tujenge juu ya iliyopo?

*Swali: "Sisi ni kikundi cha watu watano, wanaprogramu watatu na wahandisi wawili wa ujenzi. Tunatengeneza programu huria ya kutathmini hatari ya matetemeko ya ardhi, itakayomwonyesha mtu yeyote kwenye ramani, jengo kwa jengo, ni lipi litaanguka. Sehemu ya kukokotoa tunaiandika wenyewe tangu mwanzo, na miezi minne imepita. Mwenzetu mmoja anasema jambo la kitaalamu kama hili haliwezi kuachwa wazi, kwa sababu litazua taharuki na sisi tutashtakiwa tukikosea. Mwingine anasema matetemeko hayatabiriki, hivyo tunajisumbua bure. Je, tuendelee? Na tukiendelea, tutajuaje kwamba namba tunazotoa ni sahihi?"*

Nimelisoma swali lenu mara mbili, na ninavyoliona, chini ya hofu za wenzenu wawili kuna dhana moja ambayo hakuna kati yenu aliyeihoji: kwamba ugumu wa kazi hii uko kwenye ukokotoaji. Haupo huko. Ukokotoaji umekwisha kuandikwa, umejaribiwa kwa miaka mingi na uko wazi kwa yeyote anayeutaka. Kilicho kigumu, na ambacho kikundi kidogo chenye wahandisi wawili kinaweza kukifanya vizuri kuliko taasisi kubwa iliyo mbali, ni kujua majengo yamejengwa kwa nini na kwa namna gani, kisha kuwaambia watu bila kuficha ni kiasi gani hamkijui. Hata hivyo nianze na hoja ya utabiri, maana hiyo inajibika upesi.

Mwenzenu anasema kweli kwamba hakuna anayeweza kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko lijalo. Lakini tathmini ya hatari haikuahidi kutaja siku. Kampuni ya bima ya moto haijui ni nyumba ipi itakayoungua mwaka huu, na bado inajua itoze kiasi gani. Swali tunalouliza ni hili: katika muda ambao jengo litasimama, kuna uwezekano gani kwamba ardhi iliyo chini yake itatikiswa kupita kiwango fulani, na ikitikiswa hivyo hasara itakuwa kiasi gani? Njia ya kulijibu ilielezwa na mhandisi wa Marekani Allin Cornell katika makala ya mwaka 1968, na programu kubwa za fani hii hadi leo ni watoto na wajukuu wa makala hiyo.

Hesabu yenyewe, ikivuliwa mapambo, huenda hivi. Kwanza hukusanywa vyanzo vyote vinavyoweza kutoa tetemeko karibu na mahali husika, yaani nyufa za miamba zinazojulikana pamoja na maeneo ambayo matetemeko hutokea bila ufa kuonekana juu ya ardhi. Kwa kila chanzo hukadiriwa ni mara ngapi kwa mwaka hutoa tetemeko la kila ukubwa. Hapa hutumika kanuni ya Gutenberg na Richter, ambayo kwa ujumla husema kwamba kila ukipanda daraja moja la ukubwa idadi ya matetemeko hupungua takriban mara kumi, ingawa nishati ya kila moja huongezeka takriban mara 32. Kisha kwa kila tetemeko linalowezekana huulizwa mtikisiko utakaofika hapa, kwa umbali huu na juu ya udongo huu, utakuwa na nguvu gani. Mwisho michango yote hujumlishwa, kila mmoja kwa uzito wa uwezekano wake, na hupatikana mkunjo unaoonyesha ni mara ngapi kwa mwaka kila kiwango cha mtikisiko hupitwa.

Kwenye mkunjo huo ndiko hutoka ile ramani maarufu ya "asilimia 10 katika miaka 50", ambayo ni sawa na kipindi cha kurudi cha miaka 475, na namba hiyo imewapoteza wengi. Haina maana kwamba tetemeko huja kila baada ya miaka 475, wala kwamba lililotokea jana limetupa likizo ya karne nne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa takriban moja kwa 475 wa kiwango hicho kupitwa, mwaka huu sawasawa na mwakani. Na hata ukingoja miaka 475 kamili, uwezekano wa kupitwa angalau mara moja ni asilimia 63 tu. Programu yenu ikiandika "miaka 475" kwenye skrini bila maelezo hayo, mtakuwa mmempotosha msomaji kwa namba iliyo sahihi.

Mpaka hapo tumezungumzia tishio, yaani mtikisiko wa ardhi peke yake. Hatari hupatikana pale tishio linapokutana na watu na majengo, na kwa kadiri majengo hayo yalivyo dhaifu. Mwaka 2010 ulitoa mfano ambao sijaona unaouzidi. Januari 12 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti karibu na mji mkuu, na vifo vilihesabiwa kwa makumi ya maelfu mengi, huku makadirio mengine yakipita laki mbili. Februari 27 tetemeko la ukubwa wa 8.8, ambalo nishati yake ilikuwa takriban mara 500 ya lile la kwanza, liliipiga Chile, na vifo vilikuwa mia tano na ushei. Umbali wa chanzo ulichangia tofauti hiyo, lakini kwa sehemu kubwa ilitokana na kuta, nguzo, na nondo zilizokuwamo au zilizokosekana ndani yake. Injini bora kabisa ya kukokotoa, ikipewa orodha mbovu ya majengo, haiwezi kuona tofauti hiyo.

Sasa kuhusu miezi yenu minne. Mwaka 2003 Edward Field, Thomas Jordan na Cornell yuleyule wa mwaka 1968 waliueleza mfumo wa OpenSHA, ulioandikwa kwa lugha ya Java na kuachwa wazi. Baadaye shirika la GEM, lenye makao yake Pavia nchini Italia, lilijenga OpenQuake kwa lugha ya Python. Injini hiyo hukokotoa tishio na pia hasara, ndiyo iliyotumika kutengeneza ramani za dunia za tishio na hatari za shirika hilo zilizotolewa mwaka 2018, na msimbo wake hutolewa kwa leseni huria ya AGPL. Ndani yake mna milinganyo ya mtikisiko mingi ajabu, yaani ile inayokadiria nguvu ya mtikisiko kwa ukubwa wa tetemeko na umbali wake, na mingi kati ya hiyo imelinganishwa na majedwali yaliyotokana na watunzi wa milinganyo yenyewe. Kazi hiyo ya kulinganisha kwa uvumilivu ndiyo msiyoweza kuirudia kwa miezi minne, wala kwa minne mingine.

Nawaambia hivi si kwa kudharau uwezo wenu wa kuandika programu. Ni kwamba makosa ya fani hii hayavunji programu. Huacha ramani nzuri yenye rangi za kupendeza na namba zisizo kweli. Chukueni umbali. Mlinganyo mmoja hupima umbali hadi kitovu cha juu ya ardhi, mwingine hadi kiini cha chini, mwingine hadi sehemu ya karibu zaidi ya ufa uliopasuka. Kwa tetemeko dogo tofauti ni ndogo, lakini lile la ukubwa wa 7.8 lililotokea Uturuki Februari 6, 2023 lilipasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 300, na mji uliokuwa mbali na kitovu ulikuwa kando ya ufa wenyewe. Chukueni vizio: mchapuko wa mtikisiko, yaani jinsi kasi ya ardhi inavyobadilika, ulioandikwa kwa sentimita kwa sekunde mraba ukisomwa kana kwamba ni sehemu za mvutano wa dunia, kosa ni la mara 981, na hilo angalau huonekana. Lisiloonekana ni tofauti kati ya wastani wa mielekeo miwili ya mlalo na ule mwelekeo wenye mtikisiko mkubwa zaidi, ambalo ni kosa la takriban asilimia 20 hadi 30, na hudumu ndani ya programu kwa miaka. Mimi mwenyewe niliwahi kutetea kwa siku mbili matokeo ya eneo moja mbele ya wenzangu, hadi mwanafunzi mmoja kwa adabu kubwa aliponionyesha kwamba nilikuwa nimebadilisha nafasi za latitudo na longitudo.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni kusahau kwamba mlinganyo wa mtikisiko hautoi namba moja. Hutoa thamani ya katikati na mtawanyiko kuizunguka, na mtawanyiko huo si mdogo: mkengeuko sanifu wake, ukipimwa kwa logi asilia, mara nyingi huwa karibu na 0.6 au 0.7, maana yake mtikisiko halisi unaweza kwa urahisi kuwa mara mbili ya ule wa katikati, au nusu yake. Tathmini kadhaa za zamani ziliutupa mtawanyiko huo au kuushughulikia nusunusu, na Julian Bommer na Norman Abrahamson walionyesha mwaka 2006 kwamba hiyo ndiyo sababu kuu ya makadirio mapya kuwa ya juu kuliko yale ya zamani. Ardhi ilikuwa ileile. Hesabu ndiyo iliyokuwa imepungua.

Mtawanyiko huo una sehemu mbili, na hapa naomba wanaprogramu wasome polepole. Sehemu moja ni ya tetemeko lenyewe: kuna matetemeko ambayo hutikisa kila mahali kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wake. Sehemu ya pili ni ya mahali hadi mahali, na hata hiyo hufanana kwa majengo yaliyo jirani. Mtu asiyejua hupiga bahati nasibu upya kwa kila jengo, yaani huiachia kompyuta ichague mtikisiko wa kila jengo bila kujali wa jirani yake. Fikirini majengo 1,000, kila moja likiwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kuanguka katika tetemeko fulani. Bahati nasibu ikipigwa kwa kila jengo peke yake, karibu kila mara yataanguka kati ya 80 na 120, na mratibu wa uokoaji ataandaa vitanda kwa kiasi hicho. Lakini majengo jirani hutikiswa pamoja. Kwa kweli mara nyingi yataanguka machache, na mara chache yataanguka mamia kwa pamoja. Wastani ni uleule wa 100, hivyo hakuna jaribio la wastani litakalofichua kosa, ila siku ile mbaya, ambayo ndiyo iliyofanya watu waandike programu hizi, itakuwa imefutwa kwenye matokeo.

Mnauliza mtajuaje kwamba namba ni sahihi. Kwa maana ya kungoja tetemeko lithibitishe, hamtajua katika umri wenu. Kuna usahihi wa aina mbili, na ni vyema msiuchanganye. Wa kwanza ni kwamba programu inakokotoa kile inachodai kukokotoa. Huo unapimika: kituo cha utafiti cha PEER huko California kilichapisha mwaka 2010 mfululizo wa majaribio ya programu za aina hii, kuanzia ufa mmoja wenye tetemeko la ukubwa mmoja, ambao jibu lake hupatikana kwa kalamu na karatasi, hadi mifano yenye utata zaidi. Wa pili ni kwamba dunia yenyewe inafanana na modeli, na hapo unyenyekevu unahitajika. Tetemeko la Februari 22, 2011 huko Christchurch, New Zealand, lililoua watu 185, lilitokea kwenye ufa ambao haukuwa kwenye ramani. Siku chache baadaye, Machi 11, pwani ya Japani ilipata tetemeko la ukubwa wa 9.0 mahali ambapo ramani rasmi za nchi iliyojiandaa kuliko nyingine zote hazikuwa zimeweka tetemeko kubwa kiasi hicho. Ndiyo maana wataalamu hawatumii modeli moja, bali matawi kadhaa ya modeli, kila tawi likipewa uzito, na matokeo hutolewa pamoja na upana wa kutokubaliana kwao. Upana huo uonekane kwenye skrini yenu. Msiufiche kwa sababu unaharibu sura ya ramani.

Basi nguvu zenu ziende wapi? Kwenye orodha ya majengo. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na ambayo data yake hutolewa kwa leseni huria ya ODbL, itawapa mipaka ya majengo kwa wingi, lakini mpaka wa jengo hausemi kama ukuta ni wa tofali zisizo na nondo au wa zege lenye fremu, una ghorofa ngapi, ulijengwa kabla au baada ya kanuni za ujenzi kubadilika, wala kama ghorofa ya chini imefunguliwa iwe maduka na kubaki na nguzo tupu. Mambo hayo ndiyo huamua nani atatoka mzima. Wahandisi wenu wachague sampuli ya mitaa inayowakilisha aina zote za makazi, wakague majengo mia chache kwa macho na kwa fomu moja isiyobadilika, na wayaainishe kwa mfumo unaojulikana, kwa mfano ule wa uainishaji wa majengo wa GEM, ili kazi yenu isomwe na programu nyingine bila kutafsiriwa. Wahesabu pia watu kwa saa, kwa kuwa lile tetemeko la Uturuki lilikuja saa 10 na dakika 17 alfajiri, wakati karibu kila mtu alikuwa nyumbani amelala, na lingekuja mchana ramani ya vifo ingekuwa tofauti.

Mtakapofika kwenye mikunjo ya udhaifu, ile inayosema jengo la aina fulani huharibika kwa uwezekano gani kwa kila kiwango cha mtikisiko, mtajaribiwa kukopa ya HAZUS, programu ya FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia maafa, kwa sababu imeandikwa vizuri na inapatikana kirahisi. Iliundwa kwa majengo ya Marekani. Kuitumia kwingine bila kuuliza kama ukuta ni uleule ni sawa na kumpimia mtu nguo kwa mwili wa jirani yake.

Sasa hofu ya uwazi. Mwenzenu anadhani kufunga msimbo kutawalinda. Naona kinyume chake: msimbo uliofungwa huwalazimisha watu wawaamini ninyi, na msimbo ulio wazi huwaruhusu wawakague. Lakini uwazi huo si wa kuweka mafaili hadharani tu. Mtu wa nje lazima aweze kuchukua toleo lilelile la programu, data ileile na mbegu ileile ya namba nasibu (yaani namba inayoanzisha mfuatano wake), aendeshe, na apate matokeo yenu yaleyale. Kama hawezi, mmechapisha msimbo na kuficha hesabu. Kumbukeni pia kwamba leseni ya msimbo si leseni ya data. AGPL itawataka mtoe msimbo wenu hata kama watumiaji wanaufikia kupitia mtandao tu, na baadhi ya data za tishio na majengo huzuia matumizi ya kibiashara, kwa hiyo someni kabla ya kuchanganya.

Kuhusu kushtakiwa, kesi inayotajwa sana ni ya L'Aquila nchini Italia. Watu wengi huamini wanasayansi walihukumiwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko la Aprili 6, 2009. Shitaka halikuwa hilo. Wanasayansi sita na ofisa mmoja walitiwa hatiani mwaka 2012 kwa madai kwamba walitathmini hatari kijuujuu na kwamba watu walitulizwa kwa maneno yasiyostahili. Wanasayansi hao sita walifutiwa hatia kwenye rufaa mwaka 2014, na ofisa akabaki na adhabu iliyopunguzwa. Hatari ilikuwa katika kuwatuliza watu. Kwa hiyo rangi ya kijani juu ya jengo ambalo hamjalikagua inanitia wasiwasi kuliko rangi nyekundu.

Hapo ndipo siungi mkono sehemu moja ya mpango wenu, nayo ni ramani ya jengo kwa jengo. Mikunjo ya udhaifu ni ya makundi. Inaweza kusema kwamba kati ya majengo 200 ya aina hii takriban 30 yataharibika vibaya. Haiwezi kusema ni yapi. Mkiweka alama juu ya nyumba ya mtu mmoja, mnampa uhakika ambao hesabu haina, mnaweza kumshushia thamani ya mali bila ushahidi, au, vibaya zaidi, kumlaza usingizi chini ya dari mbovu. Toeni matokeo kwa miraba au kwa kata, pamoja na upana wa mashaka.

Yapo pia mambo ambayo programu yoyote, yenu au ya GEM, haina budi kumwelekeza mtu kwa mtaalamu aliye mbele yake. Nyumba yenye nyufa mpya zinazokatiza ukuta kwa mshazari, nguzo iliyomomonyoka hadi nondo kuonekana, ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi usiojulikana, au jengo lolote lililokwisha kupita katika tetemeko, huhitaji mhandisi wa miundo aliyesajiliwa afike na alione. Hospitali, bwawa, daraja na kiwanda cha kemikali huhitaji uchunguzi wake maalumu. Udongo nao ni hivyohivyo: kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu inaweza kukadiriwa kutokana na mteremko wa ardhi, kwa njia iliyopendekezwa na David Wald na Trevor Allen mwaka 2007, na makadirio hayo yanatosha kwa ramani ya nchi nzima, lakini hayatoshi kuchagua kiwanja cha shule. Kwa kiwanja lazima vifaa vipelekwe na ardhi ipimwe. Andikeni maneno haya ndani ya programu, karibu na matokeo, kabla ya mtu kuteremka hadi chini ya ukurasa.

Na ule msimbo wa miezi minne msiufute. Anzeni na jaribio la kwanza la PEER, lile la ufa mmoja na ukubwa mmoja, mliendeshe kwenye injini yenu na kwenye OpenQuake, kisha mlinganishe mikunjo miwili kiwango kwa kiwango. Ikitofautiana, msikubali jibu la "karibu sawa" mpaka mjue ni kwa nini. Huenda mkagundua kosa lenu, na mara mojamoja watu wamegundua kosa la injini kubwa na kulipeleka kwa watunzaji wake likarekebishwa. Baada ya hapo iacheni injini yenu ibaki ndogo, iwe ya kukagua tu, na wahandisi waanze kuandaa fomu ya kukagulia majengo.